Nani Anakula Zinki Yangu?

Jumatatu, 1 Julai

Sikukuu ya taifa. Ukungu mzito. Gwaride limepita barabarani, tukalisikia bila kuliona. Ngoma, kisha trekta ikikohoa, kisha kimya. Nimepunga bendera upande niliodhani ndio.

Barua kutoka kamati ya bandari. Wananikumbusha, kwa heshima zote, kwamba mashua ikishindwa kumaliza mashindano ya kuzunguka Kisiwa miaka mitatu mfululizo, inanyang'anywa nafasi yake gatini. Mwaka juzi sikumaliza, nilipanda mwamba. Mwaka jana sikumaliza, bolti ya usukani ilikatika kama biskuti. Kutu tupu! Huu ni mwaka wa tatu. Mashindano ni Jumamosi tarehe 27.

Na nani wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri nafasi? Murray Denton. Kaka yake mke wangu! Ana boti ya injini, nyeupe pe, ina friji na viti vya ngozi. Leo baada ya gwaride nimemkuta amechutama kwenye nafasi yangu na futi ya kupimia. Nikamuuliza anapima nini. Akasema, "Napima tu, shemeji. Kwani kupima dhambi?"

Mke wangu Verna hakunificha. Nafasi ikienda, mashua yangu, Doreen, iuzwe. Doreen hatakaa tena kwenye nyasi mbele ya nyumba. Alikaa hapo miaka minne akaua stroberi zote. Nikamkumbusha kwamba mashua ina jina la mama yake mzazi. Akasema hata mama mwenyewe alikaa kwetu miaka minne, na ilitosha.

Niuze Doreen! Nimeendesha basi la shule miaka thelathini na moja nikiota siku nitakayokuwa na kana, mpini wa kugeuzia mashua, mkononi badala ya usukani wa basi. Nikiuza mashua hii nitabaki mzee wa kwenda dukani kununua maziwa. Nimeapa. Mwaka huu kutu hainipati.

Jumatano, 3 Julai

Nimemwegemeza Doreen kwenye ukuta wa gati la zamani, maji yakapwa, akabaki amesimama juu ya tope. Saa nne na nusu za kazi kabla bahari haijarudi. Nikashuka ngazi na buti zangu kukagua vyuma vya chini.

Nusura nianguke! Mwezi Mei nilifunga vipande vitatu vya zinki, kimoja karibu na rafadha, ile feni inayosukuma mashua, na viwili karibu na usukani. Vilikuwa vikubwa kama ngumi. Leo ni vijiti vya sabuni, ile ya siku ya mwisho ambayo hakuna anayetaka kuitumia. Miezi miwili tu! Nani amekula zinki yangu?

Nimeuliza kwa sauti, kumbe juu ya gati alikuwapo Mwalimu Thelma Haight, anakula biskuti za shayiri. Ana miaka sabini na tisa. Alinifundisha kemia, akanipa alama kumi na moja kwa mia, na bado anazikumbuka. Mashua yake, Petrel, imefungwa ubavuni mwa yangu. Bawaba za usukani wake zinang'aa hadi unaweza kunyoa ndevu ukijitazama humo.

Akaniambia hiyo ndiyo kazi ya zinki. Maji ya chumvi lazima yale kitu, na yanaipenda zinki kuliko shaba. Ukiyapa zinki, yanaiacha shaba yako. "Inaliwa ili vingine visiliwe, Titus. Niliwaambia mwaka 1979."

Halafu akatupia neno kama mtu anayetupa makombo. Kwa kuwa mashua zote zinachukua umeme wa gati, na nyaya zake zimeungana chini kwa chini, mara nyingine zinki ya mmoja inakwenda kulinda vyuma vya jirani. Akafuta mikono, akaenda zake.

Nimesimama topeni muda mrefu. Jirani! Jirani gani amechomeka waya karibu na wangu? Petrel! Sasa najua zile bawaba zinang'aa kwa gharama ya nani.

Alhamisi, 4 Julai

Nimepata mpango. Mzuri mno, nimejipongeza mwenyewe kwenye kioo.

Nimefunga zinki mpya tatu, kisha nimezipaka rangi. Ile rangi nyekundu nzito ya chini ya mashua, tabaka tatu. Sasa maji hayawezi kuzigusa, Petrel haiwezi kuzigusa. Na kama zinki ya jirani inalinda vyuma vya jirani, basi kuanzia leo vyuma vyangu vitalindwa na zinki ya Mwalimu. Zamu yake!

Kikwazo kilikuwa kimoja tu, ukungu. Rangi haikauki. Nimekwenda kuchukua mashine ya Verna ya kukaushia nywele, nikavuta waya mrefu hadi topeni. Maji yalianza kurudi nikiwa kwenye tabaka la tatu. Yalifika magotini. Nilimaliza.

Kwenye kila zinki kuna maandishi yaliyochorwa ndani ya chuma chenyewe: USIPAKE RANGI. Nadhani wananiona mtoto. Anayeuza zinki lazima aandike hivyo, la sivyo atamwuzia nani nyingine?

Verna amekwenda mazoezi ya kwaya na nywele mbichi. Hasemi nami.

Jumanne, 9 Julai

Ushindi! Nimemwegemeza tena Doreen, nikashuka. Zinki hazijaliwa hata punje. Kona zake bado kali. Rangi inang'aa. Nimezipigapiga mgongoni.

Nimemweleza Verna wakati wa chakula cha mchana. Akauliza, kama haziliwi, zinafanya kazi gani huko chini? Wanawake na maswali. Nimejaza mdomo viazi.

Mchana nimemkuta Mwalimu Haight ameinama ukingoni mwa Petrel. Ana zinki kubwa anayoitundika majini kwa waya, kama samaki aliyenaswa. Ilikuwa nene kama mkono wangu. Leo imekonda imekuwa kidole! Akaniuliza kama nimesikia mtu gatini mwenye hitilafu ya umeme. Nikatikisa kichwa. Nikasema dunia imeharibika, watu hawana uangalifu. Nikamsaidia hata kufunga zinki mpya. Mimi jirani mwema.

Murray alipita akauliza kama boti yake ikikaa hapa mlango wa friji utafunguka upande wa jua au wa kivuli. Nikamwambia atajua akifufuka.

Ijumaa, 12 Julai

Ukungu. Hata shakwe wanatembea kwa miguu.

Mwalimu Haight amekuja na kisanduku cheusi, kidogo kama mkate. Amekifunga pale waya wake wa umeme unapoingia Petrel. Nikauliza kwa adabu ni kitu gani. Akasema ni mlango. Umeme unaingia, zinki haitoki. Kisha akanitazama juu ya miwani yake, kwa muda, kama siku ile nilipomwambia daftari langu limeliwa na mbuzi.

Nikazungumzia ukungu. Nina mengi ya kusema juu ya ukungu, nikayasema yote.

Jumatatu, 15 Julai

Habari njema! Nimekagua chini tena. Zinki ziko vilevile, nzima kabisa. Lakini cha ajabu ni shaba. Rafadha na bawaba za usukani zimebadilika rangi. Zimekuwa waridi! Waridi laini, kama mashavu ya mtoto mchanga. Nimekwangua kidogo kwa kisu, ndani pia ni waridi. Sijawahi kuona shaba yenye afya hivi.

Nimewaambia watu. Nimemwambia Verna, mama wa posta, na mtu aliyesimama kuuliza njia. Nimemwambia hata Murray. Akasema hongera, shemeji, akaandika kitu kwenye kijitabu.

Sijamwambia Mwalimu. Kujisifu mbele ya aliyeshindwa si uungwana.

Alhamisi, 18 Julai

Jana ilikuwa karamu ya stroberi kanisani. Nimejikuta nimekaa kuelekeana na Mwalimu Haight. Nikiwa na kijiko cha tatu cha krimu mdomoni, akaanza kuieleza meza nzima, bila kutaja jina la mtu, kwamba siku hizi amesikia mazungumzo ya shaba ya waridi. Akasema shaba ya baharini ina zinki ndani yake, imechanganywa. Isipolindwa, maji yanafyonza ile zinki ya ndani. Kinachobaki ni waridi. Kwa macho ni chuma, kwa nguvu ni sifongo.

Krimu ikanipalia. Murray akanipiga mgongo kwa furaha isiyo ya kawaida.

Sikulala vizuri. Siku tisa zimebaki. Naweza kwenda kukwangua rangi kwenye zinki. Lakini Murray anapita pale kila siku! Nishuke topeni mbele yake nikakwangue kazi yangu mwenyewe? Na nikishaikwangua zitaliwa tena! Hapana. Mwanamume harudi nyuma.

Asubuhi, nikinyoa ndevu, nikakumbuka. Darasa la kemia! Mwalimu alisema chuma kinaweza kulindwa kwa umeme wa betri. Unaunganisha upande mmoja wa betri na kile unachotaka kukilinda, upande wa pili na kipande cha chuma cha kutupa, vyote viwili viko majini. Alisema pia upande upi uende wapi. Hapo ndipo nilipokuwa natazama dirishani, boti za kuvua kamba zilikuwa zinatoka siku ile.

Nimetumia akili. Nyekundu ni rangi ya nguvu, inajulikana. Kwa hiyo waya mwekundu, kutoka upande mwekundu wa betri, nimeufunga kwenye bawaba za usukani. Waya mweusi nimeufunga kwenye kikaango kikuukuu cha chuma nilichokikuta bandani nyuma ya mashine ya nyasi, kimejaa kutu, hakina mwenyewe. Nikakitumbukiza majini. Kiliwe hicho.

Vipovu! Vimeanza palepale kupanda kutoka kwenye kikaango, vidogo vidogo, vingi. Chuma cha kutupa kinaliwa mbele ya macho yangu. Nimekaa ukingoni nikala mwani mkavu, vitafunio vya huku kwetu, na kuvitazama saa nzima. Sijui kwa nini watu wanaogopa kemia.

Jumapili, 21 Julai

Nimetoa kikaango kuona kimebaki kiasi gani. Nilitarajia mpini.

Kimebaki chote! Na zaidi ya hapo, kutu yote imepukutika. Nimekifuta kwa kitambaa, chini nikakuta chuma cheusi kizuri, na herufi za mtengenezaji ambazo hazijasomwa tangu enzi za wafalme. Maana yake ni nini? Betri yangu ina nguvu kiasi kwamba hata kile kinachopaswa kuliwa kinapona! Basi fikiria bawaba zangu huko chini zina hali gani.

Nimekipeleka nyumbani. Verna akakishika, akakigeuza, akakaa kwenye kiti. Kumbe ni kikaango cha bibi yake, alikitafuta miaka kumi akidhani kimetupwa. Machozi yalimlengalenga. Akanibusu katikati ya jikoni! Hasira ya nywele imekwisha. Usiku amekaanga samaki humo, nimekula vipande vinne.

Mahali pa kikaango nimetundika nanga yangu kuukuu. Vipovu vinaendelea. Nimeongeza betri ya gari la Verna kwa usalama.

Ijumaa, 26 Julai

Kesho.

Nimetoa nanga, nayo imetakata kama mpya. Nilitaka kumwegemeza Doreen nitazame bawaba, lakini gati la zamani limejaa, wote wanasugua mashua zao kwa ajili ya kesho. Si kitu. Ushahidi ninao, nanga na kikaango. Nimejaribu kana, usukani unageuka kwa wepesi ajabu. Unacheza kidogo, kulia na kushoto, kabla ya kushika. Zamani ulikuwa mgumu. Kutu imetoka, bila shaka.

Gari la Verna limekataa kuwaka. Nimemwambia ni ukungu.

Jumamosi, 27 Julai

Naandika na mikono iliyochubuka. Lazima niandike.

Tumeanza saa saba mchana, mashua kumi na tisa. Sheria ni zile zile. Huwashi injini, huvutwi kwa kamba, hakuna wa kugusa mashua yako, na saa mbili usiku mstari unafungwa. Ukungu ulifunguka kama pazia. Upepo mzuri, maji yakinisukuma mgongoni. Na mimi, Eldon Titus, nikatoka wa pili! Wa pili! Mbele yangu kulikuwa na Petrel tu, ambayo imeshinda miaka sita mfululizo. Niliwaona watu wakininyooshea vidole kutoka ufukweni. Nilinyoosha mgongo.

Nyuma ya Kisiwa, penye mkondo mkali, nikavuta kana ili nigeuze. Nikasikia mlio. Si mkubwa. Kama mtu anayevunja biskuti kavu. Kana ikalegea mkononi. Nikatazama nyuma na kuuona usukani wangu umelala juu ya maji, unaondoka zake, hauna haraka.

Nilitamka neno ambalo halitakuwa humu.

Doreen akaanza kuzunguka. Mkondo ukamshika. Hapo ndipo boti ya kamati ilipotokea, na kamati leo walikuwa wameazima boti ya nani? Murray! Alikuja polepole, kamba imekunjwa tayari, uso umejaa huruma. "Shika kamba, shemeji! Mbona unaona haya? Sisi ndugu bwana!" Miamba ilikuwa mita mia mbili. Nikifikiria nyasi za nyumbani, nikifikiria maziwa ya dukani, mkono wangu ukaanza kunyooka wenyewe.

"Titus! Ukiigusa hiyo kamba umefeli!"

Petrel ilikuwa imegeuka. Mwanamke wa miaka sabini na tisa, peke yake, mwaka wa saba wa ushindi uko mkononi, amegeuka anarudi kwangu akipiga kelele. Vuta tanga kubwa! Nikavuta. Pua ya Doreen ikaelekea kwenye upepo. Legeza! Kaza dogo! Pua ikarudi. Funga ndoo kwa kamba, iburute upande wa kushoto! Nikaburuta. Doreen akageuka kushoto. Hana usukani, na amegeuka!

Murray alilalamika kwamba huo ni msaada. Mwalimu akamwambia sheria inasema kugusa, haikusema kupiga kelele, na kwamba Murray pia alikuwa mwanafunzi wake na hajasahau alama zake. Murray akairudisha kamba ndani.

Kwa muda wa saa tano tumekwenda hivyo. Mashua zote zikatupita, moja baada ya nyingine, nami nikaona Mwalimu akizitazama zinavyopita. Alisema tu vuta, legeza, ndoo kulia, ndoo kushoto, Titus unalala, amka. Sauti ilimkauka. Akabaki ananionyesha kwa mikono.

Nimekata mstari saa mbili kasoro dakika tatu. Kinyumenyume. Lakini sheria haisemi mbele ni upande upi. Petrel wa kumi na nane, Doreen wa kumi na tisa. Nimemaliza! Nafasi ni yangu!

Verna alikuwa gatini. Nililia kidogo, si sana. Ukungu ulikuwa umerudi, hakuna aliyeona.

Jumapili, 28 Julai

Baada ya ibada Mwalimu Haight amekuja kuangalia. Amechukua kipande cha bawaba kilichobaki, akakibonyeza kwa vidole. Kikabomoka kama keki. Akaniuliza nimefanya nini.

Nikamweleza yote. Betri, waya mwekundu, kikaango. Nilipofika kwenye kikaango alikaa chini juu ya kreti ya samaki akacheka hadi akavua miwani. Kisha akanieleza, taratibu, kana kwamba nina miaka kumi na sita. Kilicho upande mweusi wa betri hulindwa. Kilicho upande mwekundu huliwa. Nimekilinda kikaango siku tatu na nanga siku tano, nikailisha bahari usukani wangu. "Ungebadilisha nyaya tu, Titus." Nikaandika kwenye kiganja: BADILISHA NYAYA. NYEKUNDU HULA.

Kuhusu zinki sikuthubutu kusema. Akasema yeye mwenyewe. Alijua tangu tarehe kumi na mbili. Hata siku ile ya karamu alikuwa ananisemesha mimi, akitumaini nitakwenda kukwangua rangi. Nilitamani gati lifunguke linimeze. Nimeila zinki yake, naye ameacha kikombe chake cha ushindi kwa ajili yangu. Nikamwambia samahani, Mwalimu. Nilimaanisha. Sikumbuki mara ya mwisho kusema neno hilo bila Verna kunishika sikio.

Akaniambia nijibu swali moja basi. Zinki inaliwa kwa nini? Nikajibu, ili vingine visiliwe. Akasema, "Vizuri. Kumi na mbili kwa mia."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa bandari hii aliyewahi kunifanyia. Amenipa ufunguo wa mashua yake! Kesho kutwa anakwenda kwa dada yake mjini Halifax, wiki mbili. Niangalie tu kama pampu inatoa maji ya mvua. Petrel ndiyo yote aliyonayo, amesema, nyumba aliiuza zamani ili aitunze. Akaongeza nikwangue zinki zangu, niachane kabisa na betri, na kwake nisitengeneze chochote.

Hajui kuomba, maskini. Watu wa umri wake wana haya.

Alhamisi, 1 Agosti

Jua! Siku nzima! Murray amekunja futi yake. Nimekwangua zinki moja kati ya tatu, kwa majaribio.

Nimefikiri siku mbili jinsi ya kumshukuru Mwalimu. Kadi? Biskuti? Si kitu. Mtu aliyeokoa mashua yako, unailinda mashua yake. Nimenunua betri mpya, kubwa mara mbili ya ile, nimeifunga ndani ya Petrel. Majini nimetundika nanga yangu, nyaya nikazifunga kwanza kama nilivyofanya kwa Doreen.

Safari hii sikubahatisha. Nimefuata maneno yake, na kiganja changu nilikuwa nimekinakili kwenye karatasi. BADILISHA NYAYA. Nikabadilisha. Waya mwekundu nimeutoa upande mwekundu wa betri nikauweka upande mweusi, na waya mweusi nikaupeleka upande mwekundu. Safi. Nilikuwa nimeshafunga sanduku la vifaa nilipotupa jicho upande wa pili, huko nyuma, nikaona waya mwekundu bado umefungwa kwenye bawaba za usukani wa Mwalimu! Mwekundu! Na karatasi inasema NYEKUNDU HULA! Jasho lilinitoka. Kidogo tu ningemwangamizia mashua. Nikabadilisha na huko pia. Sasa bawaba zake zina waya mweusi na nanga ina mwekundu.

Nimebadilisha mwanzo, nimebadilisha na mwisho. Hapo kosa litapita wapi?

Verna ameniuliza kama Mwalimu anajua. Nimemwambia ni zawadi, na zawadi haitangazwi. Nimerudi jioni kuangalia, kila kitu kinakwenda vizuri, nanga inatoa vipovu vingi kuliko hata kile kikaango. Mwalimu anarudi tarehe kumi na tatu. Nimemwandikia kadi kwamba asiwe na wasiwasi, akae kwa dada yake hata mwezi.